Sahani Isiyo na Ukingo

Niliinunua Mwanjelwa, kwa muuzaji aliyeapa
kwamba hata waliyoitengeneza wanaigombania:
sahani nyeusi, bapa, haina ukingo,
huwezi kuipakulia ugali wala maharage.
Unailaza simu juu yake, basi,
na simu inakula bila kufungua mdomo.

Bibi Atuganile aliizunguka mara mbili.
Akapitisha njiti ya fagio kati ya simu na sahani
kutafuta uzi uliofichwa.
"Umeme umevukaje hapa, Lusubilo? Umeruka?"
Nikamwambia umeruka, bibi.
Akacheka mpaka akashika mbavu,
yeye ambaye betri za redio yake
huzianika juu ya bati, mwaka wa ngapi huu,
ili jua la Mwakaleli, siku likikumbuka kutoka,
lizirudishie roho ya jioni moja.

Redio ile ina kazi moja.
Waya wa shaba umefungwa kwenye mparachichi,
unaingia dirishani, unaishia kwenye msumari,
na saa mbili kasorobo bibi anainamisha sikio:
matangazo ya vifo.
Habari ziwafikie ndugu walioko Kyela, Chunya,
Mbozi na popote walipo.
Naye huyarudia majina kwa midomo tu, bila sauti,
kama anayehesabu kuku wakiingia bandani.

Usiku ule redio ilinguruma.
Si radi. Radi za kwetu amezizoea,
humkwaruza sikio zikapita.
Huu ulikuwa mngurumo wa nyuki ndani ya debe,
hauvuti pumzi.
Anasikitika kutangaza kifo cha ... nguruuu
wa kijiji cha ... nguruuu
mazishi ni kesho, saa ...
Bibi akaipiga kofi. Akageuza betri. Akavuta waya.
Mimi nimejilaza chumba cha pili na uchovu wa safari,
simu imejilaza juu ya sahani,
asilimia sitini na mbili.

Nilichokijua tangu chuoni, nisikifikirie, ni hiki:
chini ya ile plastiki kuna shaba iliyojikunja
kama nyoka aliyeshikwa na baridi,
na mgongoni mwa simu kuna nyingine.
Ya chini hutetemeka mara laki moja na arobaini elfu
kwa sekunde moja, ya juu huitikia.
Huo ndio mruko.
Ila mtetemo wa bei rahisi hauendi peke yake,
una watoto: wa pili, wa tatu,
wanatoka bila ruhusa, wanadandia waya wowote.
Wa tano, laki saba kamili,
alikwenda moja kwa moja mparachichini,
akashuka na shaba, akaingia dirishani,
akakalia kiti cha mtangazaji.

Kelele za chura, tumefundishwa,
hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Waliosema hawakukutana na chura huyu.

Siku ya tatu mchuuzi wa ndizi kutoka Lwangwa
alimkuta bibi anapalilia, akashangaa:
"Pole, mama. Kumbe hukwenda Ileje?"
Subilaga, mdogo wake, ziwa moja,
alikwishafukiwa juzi.
Namba waliyokuwa nayo ya kwetu
ilikuwa ya simu iliyozama mto Kiwira,
kwa hiyo walifanya kama zamani:
walilipia tangazo, wakaamini hewa.

Nilimweleza bibi yote. Hakunigombeza.
Aliuliza tu, "Kwa hiyo jina lake lilipita hapa?"
akionyesha kwa mkono, kati ya dirisha na jiko.
Lilipita, bibi.

Usiku wa matanga, watu walipotawanyika,
akaniambia, "Iwashe."
Nikaiwasha sahani, nikaweka simu.
Nyuki wakarudi ndani ya debe.
Bibi akainama, kitenge begani, sikio kwenye matundu,
midomo ikijaribu kitu.

Simu ikajaa.
Mngurumo ukakatika wenyewe,
mtangazaji akasikika, safi, akisoma bei ya mbolea,
na bibi hakuinua kichwa.